Kipa wa Mabao Mia Thelathini na Saba

Jameni, tumshukuru Mungu kwa Ian. Bila yeye, sisi watu wa mtaa wa Laini Saba tungekufa bila kujua kwamba ndugu yangu Wepukhulu ndiye kipa mbovu kuliko wote waliowahi kuvaa glavu.

Mimi naitwa Nelima, nauza viatu vya mpira pale soko la Toi, na kwa miaka minane nimemwona Wepukhulu akifanya kazi moja tu. Anakaa benchi la timu yetu ya mtaa. Dakika ya themanini na tisa ikifika na timu bado ziko sare, kocha anamtoa kipa wa kwanza, Wepukhulu anaingia, penalti zinapigwa. Mara kumi na saba ameingia hivyo. Mara kumi na tano tumerudi nyumbani tukiimba.

Basi mwenyekiti wetu, Mzee Shivachi, akamleta Ian, mpwa wake, na laptop yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tulikuwa tunasajili wachezaji kumi na wanane wa msimu mpya, na eti takwimu ndizo zingeamua. Tukakusanyika nyuma ya karakana ya Morris ya kuchomea vyuma, Ian akatusomea.

"Wepukhulu amecheza dakika thelathini na nne tangu ajiunge. Amefungwa mabao hamsini na mawili. Ukipiga hesabu ya mechi nzima, ni mabao mia thelathini na saba."

Watu wakaguna.

"Wee Ian, hizo ni penalti!" nikamwambia.

"Anti, mpira ukiingia nyavuni ni bao."

"Na mechi alizotushindia ziko wapi?"

Akapandisha skrini, akashusha. "Hiyo sikuweka."

Aki elimu ni kitu kizuri. Kijana amesoma miaka minne chuoni, akajua kila kitu isipokuwa nani alishinda.

"Takwimu zimesema," Mzee Shivachi akafunga mkutano. Glavu zilikuwa za timu, kwa hivyo Wepukhulu alizikung'uta vumbi, akaziweka mezani, akaenda zake. Nililia njia nzima na sioni haya kusema. Asante ya punda ni mateke.

Siku tatu baadaye Kiarie, mwenye ploti za kupangisha kule Gatina, Kawangware, na mfadhili wa timu yao, akafika kibandani kwangu Toi.

"Yule jamaa aliyetutoa mara tatu, ni ukweli mmemwacha?"

"Ukweli kabisa. Ni mbovu sana. Tumethibitisha kwa kompyuta."

"Mungu ni mwema," akasema Kiarie, na hata hakuangalia viatu.

Fainali ya msimu huo ikawa Gatina na Laini Saba. Tukawa sare, bao moja kwa moja. Dakika ya themanini na tisa nani anaingia? Wepukhulu, na jezi ya Gatina. Upande wetu ukanyamaza kama kanisa Jumatatu. Ian alikuwa na laptop yake. Nikamwambia asiogope, huyo atafungwa mia thelathini na saba.

Alipangua penalti yetu ya kwanza. Akapangua ya tatu. Gatina walikuwa wameshafunga tatu, sisi mbili, na wa tano wetu alikuwa nahodha, Ambrose, aliyebaki na Wepukhulu kila jioni baada ya mazoezi wakipigiana penalti. Ambrose akikosa, kwisha. Akapiga kulia. Wepukhulu alikuwa huko akimngoja.

Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya majirani zangu, wanichukie wakitaka. Gatina walikimbia kumbeba, lakini aliwapita, akamwinua Ambrose pale chini, wote wawili wakilia.

Mzee Shivachi akamfuata papo hapo. "Kijana wangu, rudi nyumbani. Yale yalikuwa makosa ya hesabu."

Wepukhulu hakumwachilia Ambrose.

"Mzee, mlango wako na wangu ni hatua kumi," akasema. "Siku zote hizi nilikuwa nangoja uje uniambie pole tu."