Maji Yaliyobaki Puani

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nzi akitua kwenye kikombe, chai naimwaga na kikombe nakisugua kwa majivu. Hata hivyo riziki ilinipeleka kuchambua tumbaku. Kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua tumbaku, na moja ilifungua ghala hapa Songea. Humo nilivuta vumbi miezi minne mpaka pua ikaziba. Nikipenga, kinatoka kitu cheusi kinachonata. Nikizungumza, sauti ni ya mgonjwa.

Na Jumapili ile mama yake Eusebi, mwalimu aliyetaka kunioa, alikuwa anakuja kwetu Mshangano kunitazama. Mchumba wa kwanza wa Eusebi, mama huyo alimkataa kwa sababu ya kikohozi tu. Miaka ile ukikohoa mara mbili, watu walishakuzika midomoni mwao. Nilimpenda Eusebi. Sikuwa tayari kumkosa kwa ajili ya makamasi.

Jirani yetu Chande, fundi cherehani, akanishauri nisafishe pua.

"Maji ya uvuguvugu, dada Renatha, na chumvi kidogo. Mimina tundu moja, yatokee la pili. Ukimaliza, inama chini sana, maana yale yanayobaki mle ndani..."

"Basi, kaka Chande! Nimetoka kula."

Jumapili asubuhi nikajifungia bafuni na birika la plastiki. Kwanza nilitia maji baridi bila chumvi, yakaniunguza mpaka utosini. Nikatia chumvi kiganja kizima, ikawa balaa zaidi. Mara ya tatu niliinua uso juu kama anayetiwa dawa ya macho, na uchafu wote ukateremka kooni, mzito, wa chumvichumvi. Nikaumeza. Mungu nisamehe, niliumeza! Chai yote ya asubuhi niliitapika.

Mara ya nne ndipo ulipotoka uzi mweusi ambao sitauelezea. Pua ikafunguka. Nilinusa sabuni, nilinusa maharage ya mama jikoni, nikacheka peke yangu.

Saa saba mchana Mama Benigna, mama yake Eusebi, alikuwa ameketi sebuleni kwetu, kitenge kipya, mikono juu ya mapaja, mwanawe kando yake. Nikapiga magoti mbele yake kama tulivyofundwa, nikainamisha kichwa hadi karibu na mikono yake.

"Shikamoo, mama."

Hapo maji yakatoka. Si tone. Yalichuruzika kutoka matundu yote mawili, yenye utelezi, yakaulowanisha mkono wake. Mama yangu akaziba mdomo. Eusebi akatazama dari. Nilijichukia, na pua yangu niliichukia zaidi.

Mama Benigna aliuangalia ule mkono kwa muda.

"Umesafisha pua?"

"Ndiyo, mama. Vumbi la tumbaku."

"Na hukuinama baadaye."

"Sikuinama, mama."

"Hata mimi husahau."

Akachomoa leso kifuani. Zamani huenda ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa ya kahawia, imekakamaa kwa ugoro na kwa yote ambayo ugoro huyatoa puani mwa mtu. Ilinuka, na pua yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa wazi.

"Lete hapa, mkwe wangu," akasema, akanishika kidevu.

Nikamtazama Eusebi. Kisha nikafumba macho, nikampa mama yake pua.