Safari Hii Donat Hakudanganya

Donat alipoanguka katikati ya ngoma ya kukisifu Chama tawala, mkewe Mado alikuwa wa kwanza kucheka. Alikuwa na sababu. Kila Jumamosi wafanyakazi walipotakiwa kucheza uwanjani, Donat aliamka na jino, tumbo au mgongo. Safari hii visingizio vilimwishia. Alicheza kinyumenyume hadi mguu ukazama mferejini, vidole chini, kisigino juu, na mwili wake mnene ukaufuata.

"Simama," Mado alimwambia. "Bantu banakuangalia."

"Muguu iko inauma, Mado. Ya kweli."

Hilo "ya kweli" ndilo lililomuudhi.

Hospitalini alipigwa picha akiwa amelala, na mifupa ikaonekana imetulia mahali pake. Kiongozi wa kundi la ngoma, aliyewasindikiza kwa kuwa hakumwamini Donat, akatabasamu.

"Basi, citoyen Donat, Jumatatu utatueleza sababu ya kukimbia ngoma."

Mado akamtazama mumewe. Uongo wa Donat aliujua kwa mapana na marefu: ulikuwa na kelele, na haukukosa kumtaja marehemu mama yake. Mtu huyu alikuwa kimya, jasho limemtanda juu ya mdomo.

"Docteur," alimwita daktari Sumaili, aliyekuwa anaondoka, "huyu akidanganya analia. Leo iko kimya."

Sumaili akarudi, akauinua mguu. Katikati ya unyayo palikuwa na doa la zambarau.

"Tupige picha ingine. Asimame."

Donat akasimama, amemning'inia mkewe shingoni, na sasa kelele zikaja. Katika picha ya pili mifupa ya katikati ya mguu ilikuwa imeachana.

"Imeteguka," Sumaili alisema. "Hii tunaiona mara moja moja tu. Mutu akilala, inajificha. Angetembea nayo, angebaki kilema."

Kiongozi wa kundi akakumbuka ana shughuli kwingine.

Donat alilazwa usingizi, mifupa ikarudishwa na kushikizwa kwa vyuma vyembamba, kisha plasta ikapanda hadi gotini. Alikatazwa kukanyaga chini mpaka mvua zianze.

Majirani wa mtaani kwao Katuba walipokuja kumpa pole, walimkuta amekaa kama chifu.

"Docteur alisema muguu kama hii iko moja tu Zaïre muzima."

Wote wakamgeukia Mado, wakingoja acheke. Alikuwa anapandisha mto chini ya plasta, taratibu.

"Na Zambia muzima," akasema.