Mashati ya Kabla ya Siku Tisa

Mashine ya kufulia ya akina Grinfeld ilikuwa na tabia ya kutembea. Ikifika kwenye kukamua, ilitetemeka, ikang'oka pale ukutani, ikaanza safari ya kuelekea mlangoni mwa bafu. Ndiyo maana Zishe, mwenye miaka minne, alipewa kazi ya kuikalia. Alikaa juu yake kama dereva wa lori, akiimba alfabeti ya Kiebrania, na sauti ikamtoka vipandevipande hata ndugu zake wakagaagaa sakafuni kwa kicheko.

"Acheni kucheka, vaeni," alisema Frimet, mama yao. "Kila mtu shati jingine. Ulilokwisha kuvaa kunja uweke kabatini."

Jioni ile, jua likizama, zilikuwa zinaingia Siku Tisa za kuomboleza Hekalu lililobomolewa zamani. Ndani ya siku hizo hakuna kufua, wala kuvaa nguo iliyotoka kufuliwa. Wanaosamehewa ni vichanga tu. Kwa hiyo mtaa mzima wa Borough Park, wenye Wayahudi wengi, ulikuwa unafua tangu alfajiri, na kila shati lililokauka lilipaswa kuvaliwa kidogo, upya ulitoke, ndipo lifae kwa siku zinazokuja. Usher, mmoja wa wavulana, aliyetaka kurudi upesi kwenye mpira wake, alikuwa amevaa manne kwa mpigo. Mikono haikukunjika tena. Alizunguka sebuleni ameitandaza kama bata anayejaribu kuruka.

Wenye uwezo walikuwa wamekwenda milimani kukimbia joto. Frimet na mumewe Naftuli, mwalimu wa watoto wadogo, walibaki mjini na watoto wao wanane, ghorofa ya tatu, madirisha wazi.

Chumba cha kufulia cha jengo kilikuwa chini kabisa, na mashine zake zote mbili zilikuwa zimekufa tangu Pasaka. Meneja alisema fundi anakuja. Fundi huyo kila mpangaji alimsikia, hakuna aliyemwona. Mkataba nao ulikataza mtu kuwa na mashine yake ndani. Naftuli alipoipata hii kwa jamaa aliyekuwa anahama, aliipandisha ngazi alfajiri, imefunikwa blanketi. Bibi Shprintze, mjane wa ghorofa ya pili, alimkuta njiani.

"Kabati la vitabu," Naftuli alimwambia, jasho likimtiririka ndevuni.

"Hongera, mwanangu," Bibi Shprintze alijibu, akiutazama mpira wa maji uliokuwa unaburuta nyuma. "Naona mnalinywesha."

Sasa mlango ukagongwa. Hindy, binti mkubwa, alichungulia kwenye kitundu, akarudi kwa ncha za vidole. "Mama, ni Meneja. Yuko na Ramón."

Frimet alizima mashine, akamshusha Zishe, akaifunika blanketi. Akarekebisha kilemba chake, akafungua.

"Bi Grinfeld," alisema Bwana Pruitt, meneja. Nyuma yake alisimama Ramón, mtunza jengo, mkoba wa vifaa mkononi, macho chini. "Kuna ngurumo inasikika humu."

"Nina watoto wanane, Bwana Pruitt. Siku kukiwa kimya ndiyo uje."

Meneja alimtazama Usher. "Huyu ana nini?"

"Anavaa."

"Mashati manne?"

"Yamefuliwa leo," alisema Usher, ambaye alifundishwa kusema kweli.

"Yamefuliwa wapi?"

Hapo Hindy akafumba macho. Kutoka bafuni ikaja sauti ya Zishe, ya mtu anayesaidia familia yake. "Huku hakuna mashine. Imelala."

Bwana Pruitt aliingia bafuni, akaifunua mwenyewe. Ndani, nyuma ya kioo, nguo zilikuwa zimelowa povu: mashati meupe ya wavulana, magauni ya shule, kitambaa kikubwa cha meza ya Sabato. Alimwamuru Ramón afungue mpira na kuuchukua, afunge na koki. Ramón, aliyekuwa amefuliwa maovaroli yake na mashine hiyohiyo wiki iliyopita, aliifanya kazi bila kumtazama mtu. Koki ilikuwa moja kwa bafu zima. Ilipofungwa, bomba la beseni nalo likakohoa, likanyamaza.

"Jumatatu watu wangu wanakuja kuitoa," alisema meneja. "Likiwashinda hilo, mtatoka pamoja nayo."

"Na zile za chini?"

"Fundi anakuja."

"Tangu Pasaka anakuja. Wana wa Israeli walitoka Misri kwa haraka kuliko huyo."

Bwana Pruitt hakucheka. "Niseme ukweli, Bi. Tatizo si mashine. Tatizo mko wengi mno. Watu kama ninyi mnachakaza jengo." Alilisema mbele ya watoto, taratibu, kama anayetaja hali ya hewa, kisha akashuka. Ramón alimfuata.

Usher akaanza kuvua mashati yake, moja baada ya jingine, bila kuambiwa. Bruche, wa miaka saba, akauliza, "Mama, nani kati yetu ndiye mno?"

Frimet aliwatazama. Angeweza kulia, na alijua kwamba akilia, watoto watalihifadhi neno lile maisha yao yote.

"Hakuna," alisema. "Hindy, beseni la mtoto. Usher, lile bwawa la plastiki la kuchezea. Bruche, sabuni. Nguo za ndani ziacheni, hizo si za macho ya mtaa. Nyingine zote tunashuka nazo."

"Tunashuka wapi?"

"Mbele."

Mbele ya jengo palikuwa na ua dogo lililozungushiwa vyuma, na bomba la kumwagilia maua ya kampuni. Juu ya vyuma hivyo palikuwa na bango jipya: NYUMBA ZA KUPANGA, ZINAFAA FAMILIA. Frimet aliburuta mpira wa maua hadi kwenye bwawa, akafungua maji. Watoto wakavua viatu, wakaingia kukanyaga mashati. Zishe alianguka, akainuka na povu kidevuni, akatangaza kwamba sasa yeye ni Tati, baba yao mwenye ndevu, na hata Hindy, aliyekuwa ameiva uso kwa aibu, akacheka mpaka akajishika tumbo.

Watu walisimama kutazama. Bibi Shprintze akatoka na ndoo yake, mashuka yamejaa.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alisema, akiketi kwenye ngazi. "Mimi wangu nimeubeba miezi mitatu. Nisogezee maji." Nyuma yake wakaja wanawake wawili wa ghorofa ya nne, kisha wa tano, na makapu yao.

Vyuma vilipojaa mashati, Frimet alikamua kitambaa cha meza pamoja na Hindy, kila mmoja upande wake, wakakitandaza mahali pekee palipobaki. Bango likafunikwa lote.

Bwana Pruitt alikuwa amekwenda kona ya barabara kuwapokea kijana na mkewe mjamzito, waliokuja kuona nyumba. Alipofika nao getini, alisimama. "Hii ni aibu," alisema.

"Ni kweli," alijibu Frimet, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. "Tulikuwa tumeificha chini pamoja na zile mashine. Tumeona tuianike."

"Ramón, funga hayo maji," alimwamuru mtunza jengo, aliyekuwa amesimama kando ya bomba.

Ramón alijipapasa mifukoni, taratibu, mmoja mmoja. "Ufunguo siuoni, bosi."

"Utautafuta mpaka lini?"

"Labda fundi akija nao."

Wanawake waliinama juu ya ndoo zao, mabega yakitikisika. Yule mjamzito alimwuliza Frimet polepole, "Mashine za humu hazifanyi kazi?" Frimet akamjibu, "Muulize mwenyewe, dada, yuko hapo." Aliuliza. Bwana Pruitt akaanza kueleza habari za fundi, na kabla hajamaliza, yule kijana alikuwa amekwisha kumshika mkewe mkono wageuke.

Naftuli alirudi kutoka kazini akakuta ua limekuwa ziwa. Hakuuliza. Alitundika koti lake refu getini, akakunja mikono ya shati, akashika upande mmoja wa shuka la Bibi Shprintze.

Jua lilipogusa paa za upande wa pili, nguo zilikuwa zimekauka kwa joto na kuvaliwa kidogo, moja moja, na kila mtu alikusanya chake. Walipanda ngazi, pindo zao zikidondosha maji. Na hapo, akilikung'uta kapu jikoni, Hindy akaona kitu kimebaki chini kabisa, kikavu, na madoa ya supu ya wiki nzima: magauni ya mama yake. Yote mawili.

"Mama. Yako hatukufua."

Frimet alikwenda dirishani. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Alisimama hapo kidogo, mkono kiunoni, uchovu umemshika mpaka kwenye mifupa.

"Nitaazima la shangazi," alisema Hindy, machozi yakimlengalenga. "Huwezi kuvaa haya mpaka mwisho wa maombolezo. Na Jumatatu watu wale wanakuja."

"Ndiyo, wanakuja." Frimet alilichukua gauni moja, akalinyoosha kwa viganja. "Watanikuta mlangoni nimelivaa."