Mguu wa Mwenyekiti na Kifungu cha Kumi na Nne

Ifahamike kwa wote wanaohusika, na hata kwa wasiohusika lakini wanapenda kusikiliza, kwamba siku ya Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, Shirikisho la Vyama vya Wahasibu wa Kanda lilikutana katika kikao kitukufu ili kuthibitisha Kanuni zake za Uendeshaji. Saa tatu kamili ilikuwa saa tatu na dakika arobaini, kwa sababu ufunguo wa ukumbi ulikuwa umefungiwa ndani ya ukumbi.

Aliyemsubiri fundi wa kufuli kwa utulivu kuliko wote alikuwa Katibu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, begi la ngozi limechakaa upande mmoja tu, ule unaogusana na nyonga. Kwa miaka kumi na moja ndiye aliyeiendesha ofisi ya shirikisho, yaani vyumba viwili ghorofa ya tatu, kabati la chuma lisilofunga mpaka ulipige teke, na yeye mwenyewe. Wanachama walikuwa vyama saba kutoka nchi saba, na vyote saba vilikuwa na tabia moja: havikubali jambo mpaka liandikwe, na likiandikwa havikubali lilivyoandikwa.

Rasimu ya kanuni hizo ilikuwa imesharudishwa mara mbili. Mara ya kwanza walibishana kuhusu akidi, maana yake ni wajumbe wangapi wakiwepo ndipo kikao kihesabike kuwa kikao. Walibishana mpaka watatu wakaondoka kuwahi ndege, wakabaki wanne wasiojua kama bado ni kikao au ni watu tu waliokaa. Mara ya pili walikwama kwenye zamu za uenyekiti. Hapo wakaazimia kwa hasira: rasimu ikikwama mara ya tatu, ofisi ihamishiwe nchi nyingine, na Katibu mwingine atafutwe huko huko.

Katibu asingeweza kuifuata. Nyumbani alikuwa na mama yake, ambaye macho yalishamwacha mkono na ambaye aliijua nyumba ile kwa vidole, ukuta kwa ukuta. Mama huyo alikwisha kutoa msimamo wake: yeye hahami tena, labda abebwe.

Nyumbani pia, kwa kipindi cha likizo, alikuwepo binti wa kaka yake Katibu, msichana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni, mwenye adabu, msikivu, tegemeo la nyumba nzima. Barua zake kutoka shuleni zilikuwa zikisomwa mezani kwa sauti ili Bibi asikie. Ya mwisho ilieleza jinsi matroni alivyowasimamisha wasichana wanane kwa mguu mmoja kwa kosa la kupiga kelele, akawaambia, "Mguu mtauchagua wenyewe, mimi si dikteta." Bibi alicheka mpaka akaomba maji.

Wiki nne kabla ya kikao, Katibu alimpa binti huyo kazi ndogo: kunyoosha namba za vifungu kwenye kompyuta, maana vifungu arobaini na viwili vilikuwa vimemchosha macho. Binti aliifanya kazi kwa moyo wote. Kesho yake rasimu ikatumwa kwa wanachama pamoja na fomu ya kutia tiki na sahihi, yenye maneno haya: *Tumesoma kila kifungu na tumeridhika.* Fomu ilikuwa moja tu, ikizunguka kutoka chama hadi chama, kila kimoja kikitia tiki chini ya tiki ya mwenzake. Kwa azimio lao wenyewe, kanuni zingeanza kutumika siku ya sahihi ya saba. Kikao kingebaki kuzithibitisha.

Sahihi ya saba ilifika siku ya kumi na nane. Haikuwahi kutokea. Katibu aliibandika fomu ile kwenye kabati la chuma, na siku nzima hakulipiga teke.

Basi mlango ukafunguliwa, watu wakaketi, chai ikamiminwa, na Mwenyekiti akasimama. Alikuwa bwana mrefu mwenye sauti ya mtangazaji, ambaye mwaka uliopita alifungua kikao kwa hotuba iliyoiacha chai ipoe, ipashwe moto, ipoe tena.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nina maneno mawili tu."

Wenye uzoefu wakavua viatu chini ya meza.

Maneno mawili yalikuwa yamefika kwenye historia ya kalamu pale mkono mmoja uliponyooka mwisho wa meza. Ulikuwa wa Mzee Nukta, mjumbe wa chama kidogo kuliko vyote. Jina hilo alilipata siku aliporudisha kumbukumbu za kikao, kurasa tisa, kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana.

"Hoja ya utaratibu, Mwenyekiti."

"Mzee wangu, ndiyo kwanza naanza!"

"Umeanza dakika saba zilizopita. Naomba Katibu atusomee kifungu cha kumi na nne, kipengele cha nne."

Katibu alivaa miwani, akafungua ukurasa. Kifungu cha kumi na nne alikijua kama kiganja chake. Kilikuwa na vipengele vitatu, na cha tatu kilisema hotuba ya Mwenyekiti isizidi dakika tano. Cha nne hakukijua. Lakini kilikuwepo, kimepangwa vizuri, namba imenyooka, na kwa kuwa alikwisha kufungua mdomo, alikisoma.

"'Mwenyekiti atakayezidisha muda huo atamalizia hotuba yake akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mguu atauchagua mwenyewe.'"

Hakuna aliyecheka. Kila mjumbe aliinamia karatasi yake kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo jana. Anayecheka anakiri kwamba kipengele anakiona leo, na sahihi yake inasema alikisoma. Hawa walikuwa wakaguzi wa hesabu. Kazi yao ni kuwauliza watu wengine, kwa upole wa kutisha, kama kweli walisoma walichotia sahihi.

"Nadhani," alisema mama mmoja mwenye mkufu wa shanga, "shabaha hapa ni nidhamu ya muda."

"Sisi tulikijadili kwa kina," jirani yake akadakia, masikio yakiiva.

"Sisi tuliunda kamati."

Mwenyekiti aliwatazama mmoja mmoja. "Tulikubaliana lini jambo hili?"

"Sahihi ya kwanza ni yako, Mwenyekiti," alisema Mzee Nukta.

Mwenyekiti aliiangalia sahihi. Ilikuwa yake, na mkia wake wote. "Ni kweli," alisema taratibu. Akashika ukingo wa meza, akainua mguu wa kulia. "Goti la kulia lina historia," alieleza, kisha akaendelea. "Kalamu, ndugu zangu..."

Katibu alijua kwamba akikaa kimya tu, mambo yataisha salama. Mwenyekiti angefupisha, kanuni zingethibitishwa, ofisi ingebaki, na mama yake angeendelea kupapasa kuta zake. Watu saba walikuwa wamejitolea kumsaidia kunyamaza. Alishusha macho, na macho yakatua kwenye soksi ya Mwenyekiti, iliyokuwa na tobo dogo juu kidogo ya kiatu. Akakumbuka siku ofisi ilipofunguliwa: wapagazi walichelewa, na bwana huyu huyu, hata kabla hajawa mwenyekiti wa chochote, alivua koti akashika upande mmoja wa lile kabati mpaka ghorofa ya tatu. Historia ya goti ilianzia kwenye ngazi zile.

"Shusha mguu, kaka," alisema Katibu.

"Bado sijamaliza."

"Shusha tu. Kipengele hicho sikukiandika mimi. Kimeingia nyumbani kwangu, mezani pangu, na nikakituma bila kusoma upya. Kosa ni langu. Mkitaka kuirudisha rasimu, irudisheni, nami nitawakabidhi funguo. Lakini sitaki kanuni zetu zianze na mtu mzima anayeyumba."

Mguu ukashuka. Mwenyekiti akaketi, akapangusa uso kwa leso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uongozi akasema maneno machache.

"Mimi nilisoma mpaka kifungu cha tisa. Nikasema, Katibu wetu ni makini."

"Mimi niliona tiki ya Mwenyekiti," alisema mama wa shanga.

"Mimi niliziona mbili."

"Mimi tatu. Nikajiuliza, watatu wote wakosee?"

"Na ile kamati yenu?" mtu akauliza.

"Ilikuwa mimi na dereva."

Wakageuka kumtazama Mzee Nukta, aliyekuwa wa saba. "Mimi nilisoma," alisema. "Mara mbili. Sikupinga, kwa sababu nimezisikiliza hotuba za huyu bwana miaka sita, na sijaona kifungu bora kuliko hicho."

Aliyeanza kucheka ni Mwenyekiti mwenyewe. Ukumbi ukafuata, mpaka chai ikamwagika juu ya kanuni.

Mzee Nukta akatoa hoja: mguu uondolewe, dakika tano zibaki, na kuanzia sasa kila chama kipewe fomu yake, kisiione ya jirani. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyethubutu tena kusema amesoma, vifungu vyote arobaini na viwili vilisomwa kwa sauti hadi alasiri. Walirekebisha mambo manne. Walipiga kura, wote saba wakakubali. Ofisi ikabaki ghorofa ya tatu. Mwenyekiti alishukuru kwa dakika nne na nusu, macho kwenye saa.

Jioni Katibu aliweka ukurasa wa kumi na moja juu ya meza ya chakula, akamsomea mama yake kipengele cha nne. Alipofika kwenye "mguu atauchagua mwenyewe", Bibi aliomba maji.

"Shangazi," alisema binti, "labda ni kirusi cha kompyuta."

"Kirusi kinachomjua matroni wako?"

Hukumu ilitolewa pale pale. Binti aandike taarifa kamili ya tukio, Shangazi akimweleza yote yaliyotokea ukumbini na yaliyompita moyoni. Aiandike kwa nafsi ya tatu, bila kujitetea, ikae kabatini pamoja na kumbukumbu za kikao. Taarifa ndiyo hii.

Shangazi aliisoma kwa kalamu nyekundu, akitia tiki kila aya, kwa kuwa siku hizi anasoma kila kitu. Alipofika kwenye "mwenye adabu, msikivu, tegemeo la nyumba nzima" alisimama, akaandika pembeni: *Huyu ni nani? Simjui.*

Basi nakiri. Ni mimi. Kipengele cha nne kilinichukua dakika mbili, na nilidhani Shangazi atakiona kabla hajakituma, tucheke, yaishe. Nilitaka kuandika hapa kwamba sikujua lolote kuhusu ofisi kuhamishwa, lakini nilijua. Niliwasikia yeye na Bibi wakiliongea jikoni, na nikalisahau kwa sababu nilikuwa nacheka. Goti la Mwenyekiti naliomba radhi.

Kifungu cha kumi na nne kina vipengele vitatu. Nimevihesabu mbele ya Shangazi, kwa sauti, nikiwa nimesimama kwa miguu yote miwili.