Nani Aliyechelewesha Sauti ya Makambako

Ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo. Ulikaa kwenye benchi la gereji ya Iyunga, mgongo ukutani, kikombe cha uji mkononi, na sauti ya Evarista ilipokatika katikati ya neno wewe ukageuza shingo ukaanza kutazama matairi. Matairi yana nini cha kutazamwa? Miaka yote upo nayo. Uliyatazama kwa sababu ulijua kuna kitu hakiko sawa, na mtu anayejua huulizwa. Ukaona bora usijue.

Sasa utajua, hata kama ni kwa nguvu.

Shirika letu la malori lina gereji mbili, hii ya Iyunga hapa Mbeya na nyingine Iringa mjini. Katikati ni milima, na simu ya upepo ya huku haifiki kule moja kwa moja. Ndiyo maana wakajenga kibanda kilimani Makambako, wakamweka ndani Evarista. Iyunga ikisema, yeye husikia, hubonyeza kitufe, hulisema neno lilelile Iringa wasikie. Iringa ikijibu, hulirudisha. Lori limelala wapi, spea gani inatakiwa, dereva yupi asubiri, yote hupita kinywani mwa mama huyu mmoja.

Na bao pia. Jumamosi kazi ikiisha, Iyunga tulicheza na Iringa. Ubao mmoja huku, ubao mmoja kule, kete zimepangwa sawasawa. Kwetu alicheza Nkuba, fundi breki, yule ambaye baba yake alishusha ng'ombe kutoka Usukuma mpaka mbuga za Usangu. Kwao alicheza Kalinga, mtunza stoo. Nkuba akisema, "Shimo la nne, kushoto," Evarista alipeleka, na Kalinga kule Iringa alimsogezea Nkuba kete zake kwa mkono wake mwenyewe. Fikiria mchezo wa namna hiyo. Adui yako ndiye anayekuchezea, na katikati yupo mtu mmoja ambaye mkimkosa yeye hamna mchezo.

"Mwambie Mhehe huyo nimekula nyumba yake na mlango wake," Nkuba alisema siku moja. "Leo atalala nje."

Evarista alipeleka. Jibu lilirudi kabla hatujamaliza kucheka. "Anasema wewe umezoea kuhesabu kwato. Kete zina hesabu nyingine."

"Mwambie ulanzi aliokunywa asubuhi unamsemea."

"Anasema umtumie maziwa basi, azimue."

Alipeleka kejeli kwa sauti ileile aliyopelekea fanibelti, bila kucheka, na hakuwahi kuchelewa.

Mwezi wa tano alianza kuchelewa.

Nkuba alitaja shimo, tukasubiri. Ukaja mvumo. Kikaja kimya. Halafu neno limekatwa kichwa: "…nne, …toto." Kalinga naye kule akawa amechoka kungoja, akacheza alichodhani. Tulipokuja kulinganisha, mbao zilikuwa na michezo miwili tofauti, na kila mmoja alijiona anashinda.

"Kalinga anajificha kwenye kimya," Nkuba alisema. "Anafikiri nusu saa halafu anasingizia mtambo."

"Au mama kule amesinzia," mtu mmoja alisema pale benchini. Unamjua ni nani.

Basi tukaanza kutengeneza. Jailos, fundi umeme, alifungua kipaza sauti akakisugua kwa spiriti. Sauti ikachelewa. Akapandisha waya juu zaidi kwenye mkaratusi. Ikachelewa. Tukazima mashine ya kuchomelea, tukasema inaingilia mawimbi, welda akakaa bure siku nzima akitutukana. Ikachelewa. Iringa nao walisugua walichokuwa nacho. Tulipekua mwisho huu wa kamba, tukapekua na mwisho ule. Katikati hatukugusa. Katikati alikuwepo mwanamke peke yake na upepo, na yeye tulikwisha mpa kosa.

Ndipo akaja Ndugu Sedekia, meneja, na gari lake kutoka Iringa. Alikaa karibu na mtambo asubuhi moja, akasikiliza, akasema amegundua tatizo. Tatizo ni salamu.

Ni kweli, Evarista alisalimia. Kwao Ubena, na Uhehe vilevile, humwambii mtu jambo kabla hujajua ameamkaje. Ukibonyeza kitufe tu, unasikia, "Kamwene baba, mmeamkaje? Watoto? Mvua imefika huko?" Nawe unajibu, unamuuliza ya kwake, anakwambia. Hapo ndipo neno la kazi linapita. Miaka yote alifanya hivyo na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa sauti ilifika.

"Mtambo wa shirika si baraza la kahawa," Ndugu Sedekia alisema. "Kuanzia leo hakuna kamwene, hakuna habari za mvua. Ujumbe na kufunga."

Niliinua mkono. Nikasema salamu zilikuwepo mwaka jana na sauti haikuchelewa, kwa hiyo tutafute kilichobadilika. Mkaniambia nini? "Lutengano, wewe kila kitu siasa." Mlitaka bao lenu liende haraka. Mkapiga makofi.

Salamu zikafungwa. Sauti ikazidi kuchelewa.

Tungebaki tunagombania kete mpaka leo, lakini kukatokea la dereva Ambrosi. Nkuba alikuwa amepeleka Iringa mipira ya breki, halafu akafungua iliyobaki akakuta imevimba ndani ya mafuta, mibovu yote. Akakimbilia mtambo. "Ambrosi asiondoke. Breki zake zimefungwa mipira mibovu. Asiondoke." Tulisubiri jibu. Nkuba alisimama na kile kipaza sauti mkononi, jasho linamtoka na baridi ya Juni. Jibu lilipofika lilikuwa fupi: neno limefika, Ambrosi ameshapita getini. Lori lilikwenda korongoni kwenye mteremko kabla ya Mafinga. Ambrosi amelazwa, nyonga imevunjika. Ni bahati, wanasema. Wanaosema hivyo wana nyonga zao.

Hapo ndipo shirika likahitaji mtu wa kubeba. Siku ya pili tukatangaziwa: mwanamke wa Makambako alilala kazini, kamati ya nidhamu itakaa Iringa, ataondolewa kazini na kwenye kibanda. Kibanda ndicho nyumba yake. Shamba lake lilimezwa na operesheni ya vijiji mwaka juzi, na kijiji alichopangiwa kilimwona ana kazi ya shirika, hakikumgawia. Akitoka pale anatokea kwenye barabara kuu na watoto wake na ndoo.

Mlisikia tangazo lile. Mkarudi kwenye uji.

Mimi nina kichwa kibaya, hakisahau. Namkumbuka Silvester, mlinzi, aliyefukuzwa mwaka sitini na nane kwa turubai ambalo kila mtu alijua limekwenda kufunika matofali ya nani. Kamati ilikaa, watu wakatazama viatu, Silvester akatoka getini na blanketi lake. Mwaka sabini na moja tukasikia redioni kwamba kiongozi hana tena ruhusa ya kiburi, tukacheza ngoma barabarani. Nauliza: ngoma ile tulicheza kwa ajili ya nani, kama kamati ni ileile na viatu ni vilevile?

Nilimfuata Nkuba chini ya lori alikokuwa amelala chali na spana.

"Twende Makambako," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kumsalimia."

Aliweka spana chini. Halafu akatoka, akafuta mikono, tukapanda lori la mbolea.

Upepo wa kilima kile unapita kwenye koti kama hukuvaa. Tulimkuta Evarista amekaa mbele ya mtambo, jiko la mkaa miguuni, na mapajani amepakata kitu kilichofungwa blanketi. Nilidhani ni mtoto. Ilikuwa betri.

"Kamwene," nikasema.

Alinitazama kwanza. "Imeruhusiwa?"

Nkuba akachutama, akafunua ncha ya blanketi. Betri ilikuwa nzee, imepasuka pembeni, vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani.

"Hii si ya mtambo huu," alisema.

"Ya mtambo zilikuwa mbili, na kijenereta cha kuzichaji. Dereva wa meneja alikuja kuvichukua mwezi wa nne, akasema vinakwenda kufanyiwa matengenezo, nivumilie wiki moja. Akaniachia hii ya trekta bovu. Madereva wakipita wananichajia kidogo kwenye malori yao. Nikibonyeza kitufe mara moja, inazimia. Nasubiri ipate roho. Nikiipakata na moto unakuwa karibu, inaamka upesi kidogo."

"Na siku ya Ambrosi?" Nkuba aliuliza.

"Siku ya Ambrosi ilikataa kabisa, mpaka alipokwisha pita getini. Nilikuwa nasikia neno lako lote, baba. Asiondoke, asiondoke. Nililishika mdomoni na mashine haitaki kulichukua. Nikatoka nje nikapiga kelele kuelekea Iringa. Unaweza kucheka."

Nkuba hakucheka.

"Dada, mbona hukutuambia?" nikasema.

"Nikwambie wapi? Wiki ya kwanza nilingoja. Ya pili nikangoja. Nilipoona hazirudi, mkafunga salamu. Mtu ananipa habari ya breki, nimkatize nimpe habari ya betri? Mahali pangu pa kusema palikuwa pale mnaponiuliza habari za huku. Hamkuuliza tena."

"Mimi nimekusema vibaya benchini," Nkuba alisema. "Jumamosi nyingi."

"Najua. Nimesikia yote. Huwa mnasahau kuachia kitufe."

Alisema bila hasira, ndipo hasira yote ikaja kwangu. Tukalala kwa dereva mmoja pale Makambako, asubuhi tukaunga lori mpaka Iringa. Kalinga alikuwa stoo, anapanga vichujio vya mafuta kwenye rafu. Alipomwona Nkuba uso kwa uso, mtu aliyetukanana naye miaka bila kumwona, alitabasamu akafungua mikono.

"Mchunga ng'ombe. Kumbe una sura."

"Betri za Makambako ziko wapi?" Nkuba aliuliza.

Mikono ikashuka. Kalinga alirudi kwenye vichujio, akavipanga upya vilivyokwisha pangwa.

"Kihesa," alisema mwishowe.

"Kihesa kwa nani?"

"Kwa Ndugu Meneja. Ile nyumba mpya, nguzo za umeme hazijafika. Zinapiga santuri. Jumapili anakaribisha wageni."

"Wewe umejuaje?"

"Zilipitia hapa stoo, nilizipakia mimi."

Nilidhani Nkuba atampiga. Aliegemea mlango tu. "Kwa hiyo siku zote nakuita mwizi wa kete, wewe unajua sauti imekwama wapi."

"Afadhali kuitwa mwizi wa kete," Kalinga alisema. "Nina watoto sita, kaka. Nikimtaja, kesho funguo za stoo anazo mtu mwingine."

"Evarista anazo ngapi funguo?" nilimuuliza.

Alikwenda dirishani, akatazama nje uani, kisha akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka hapa Iyunga nikupe wewe.

"Mkija wawili kwenye kamati, mimi sijaona kitu. Nitakataa hata kuwafahamu. Mkija wengi, uani pamejaa watu wa Iyunga, hapo nitasimama niseme ziko wapi na nilizipakia siku gani. Yeye hawezi kutufukuza wote, malori ataendesha nani?"

Nikamwita mwoga. Njiani kurudi nikaona afadhali yeye, amesema bei yake wazi. Wewe bei yako ni ipi? Yeye anataka watu uani ili aseme. Wewe unataka nini ili utazame upande huu?

Kamati inakaa kesho asubuhi. Evarista ameitwa, amepanda lori leo na watoto wake, betri mbovu ameibeba mwenyewe kwenye kanga ili waione. Hawataitazama. Watamuuliza alilala saa ngapi, watanong'onezana, wataita mwingine. Watafanya hivyo wakiona uani wapo watu wawili, mimi na Nkuba, na mbwa wa mlinzi.

Lori atakaloendesha Jailos linawashwa injini sasa hivi, limekuja tupu, litakwenda tupu usipopanda. Jailos amekubali. Welda amekubali, ingawa bado anatutukana. Karatasi hii nimeinakili kwa mkono wangu usiku kucha na nimekupa mkononi, kwa hiyo usije ukasema ulikuwa hujui. Iache hapo benchini. Mwaga huo uji. Panda lori.