Inchi Nne za Emmett Halcrow

Orville Penner alikuwa na tabia moja ambayo wasaka vipaji wenzake wote walikuwa nayo, ila yeye peke yake ndiye aliyeikiri: alikuwa akiwatazama mama za wachezaji. Msimfikirie vibaya. Mzee wa miaka sitini na mitatu, magoti mabovu, mkewe anamsubiri Saskatoon na supu jikoni, hana haja na mke wa mtu. Alichokuwa akikitafuta ni urefu. Beki wa hoki ya barafuni mwenye miaka kumi na saba bado anakua, na klabu kubwa hazimlipi kwa vile alivyo leo, zinamlipa kwa vile atakavyokuwa akiwa na ishirini na mbili. Basi mapumziko yakifika, wasaka vipaji wote hujipanga foleni ya kahawa, na ukiwatazama vizuri utaona hakuna hata mmoja anayeitazama kahawa.

Ndivyo alivyompata Emmett Halcrow.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, Siku ya Wazazi, katika uwanja mdogo wa Tarrant, mji wenye maghala matatu ya ngano na kanisa lenye kuba la Kiukreni. Siku hiyo kila kijana huingia kwenye barafu ameshikana mkono na mama yake, jina linatangazwa, watu wanapiga makofi, mama anapewa ua. Emmett alitajwa wa sita. Kijana wa futi tano na inchi tisa, mwembamba, hana hata unywele mmoja kidevuni, lakini mwanamke aliyemshika mkono, lo! Alikuwa futi sita kasoro kidogo bila kofia, mabega ya kubebea magunia, na alitembea juu ya barafu ile kana kwamba ni sebule yake. Orville akatoa daftari akaandika kwamba mama ni mrefu mno na kijana ataongeza inchi nne. Alipofika nyumbani akaiandika taarifa kamili na kuituma Montreal, makao ya klabu iliyomwajiri, kwa mkuu wake, Claude Thériault.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Orville hakuuliza. Miaka thelathini kazini, hakuuliza.

Tangu siku ile hadi Machi alirudi Tarrant mara kumi. Saa tatu za barabara kwenda, tatu kurudi, theluji inakuja kwa ubavu, na mkewe akimwambia, "Hamia huko basi, mimi nitakutumia soksi kwa posta." Lakini ungemkataza vipi? Kijana alikuwa anacheza umbeki ambao Orville hakuwa ameuona kwa miaka mingi.

Wengi hawajui kumtazama beki. Wanakitazama kisahani cha mpira kinachogombaniwa kwa magongo, na kisahani kikiwa mbali wanakula mbegu za alizeti. Orville alikuwa anamtazama Emmett tu, na alichokiona kilimfurahisha mpaka akawa anacheka peke yake jukwaani kama mwendawazimu. Kila alipokwenda kukichukua kisahani nyuma ya goli lake, kijana aligeuza shingo mara mbili, bega la kulia kisha la kushoto. Mabeki wengi hugeuza kwa sababu kocha amewaamuru. Wanageuza shingo, hawaoni kitu. Huyu alikuwa anahesabu watu. Akishageuka, tayari anajua nani anakuja, kwa kasi gani, na mwenzake gani amekaa bure upande wa pili.

Washambuliaji wakimjia, hakuwasubiri mlangoni kwa kipa. Aliwapokea mapema, kwenye mstari wa buluu unapoanzia upande wao, akirudi kinyumenyume, gongo lake limelala chini, na pole pole akiwasogeza pembeni. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mwenye nyumba anayemsindikiza mgeni asiyetakiwa huku akimuulizia hali ya watoto. Mpaka mshambuliaji anashtuka, amebanwa kwenye ubao wa ukingo na kisahani hana.

Kwa hiyo taarifa zikaendelea kwenda Montreal, kila moja tamu kuliko iliyotangulia, na katika kila moja zile inchi nne zimo. Thériault akavutiwa. Katika uteuzi wa Juni, ambapo klabu kubwa huchagua vijana kwa zamu, raundi ya pili ilikuwa na nafasi moja ya beki, na kwenye orodha yalibaki majina mawili: Emmett, na jitu moja kutoka pwani ya magharibi, futi sita na inchi nne, zito kidogo miguuni.

"Nakuja kumwona mwenyewe," Thériault alimwambia kwenye simu. "Lakini sikia, mzee. Miaka mitatu iliyopita ulinipa beki, leo anauza matrekta. Mkataba wako unakwisha Juni. Tukikosa tena, mimi sina maneno ya kukutetea."

"Hatukosi," alisema Orville.

Thériault akaja Jumapili ya pili ya Machi, mchana wa mechi ya mtoano. Mtu mfupi mwenye koti la bei na viatu visivyojua theluji, akakaa kando ya Orville juu kabisa jukwaani, na kipindi cha kwanza chote hakusema neno zaidi ya "mm". Kwa Thériault, "mm" ni sifa. Mapumziko yalipofika Orville akashuka kwenda kuchukua kahawa mbili, moyo mweupe.

Kwenye foleni akamkuta yule mama mrefu. Walikuwa wameshazoeana kwa kusalimiana.

"Mzee, afadhali nimekuona," alisema, akimvuta mkono. "Mimi ni Darlene, Darlene Wasyliw, hatujawahi hata kujuana majina. Njoo nikutambulishe. Hawa hapa ndio wazazi wa Emmett. Wameendesha gari kwa muda wa saa kumi na moja kutoka kaskazini, hebu fikiria."

Orville akatazama. Mbele yake walisimama watu wawili. Baba, Wilfred, alikuwa mkakamavu, amekauka kwa upepo wa ziwani, na alimfikia Orville kwenye pua. Mama, Rhoda, alimfikia mumewe begani.

"Wazazi wa Emmett yupi?" akauliza Orville.

"Kwani tuna wangapi?" Darlene akacheka. "Huyu wetu."

"Na wewe?"

"Mimi nimempa chumba tu, na chakula. Timu ndiyo inawagawa watoto wa mbali kwenye nyumba zetu, si unajua. Huyu ni wa tano kukaa kwangu, na anakula kuliko wote wanne."

"Lakini Desemba ulitembea naye. Ulipewa ua."

"Barabara yetu inapita juu ya ziwa lililoganda," alisema Rhoda kwa sauti ya taratibu. "Desemba barafu ilikuwa haijakaza. Darlene akanipigia simu akaniuliza kama anaweza kusimama badala yangu, mtoto asiingie peke yake. Ua alinitumia."

"Mzee, kahawa inakumwagikia," alisema Wilfred.

Ilikuwa kweli. Orville alijifuta, akasema maneno mawili matatu ambayo hata yeye hakuyasikia, akapanda ngazi na vikombe viwili vilivyojaa nusu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wasaka vipaji wapya kwamba macho hayatoshi, ulizeni, ulizeni. Basi akaona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu. Bila zile inchi nne jina la Emmett lingefutwa leo hii. Na likifutwa, nani angempa mkataba mwingine mtu aliyeandika uongo mara kumi, hata kama hakukusudia?

Kulikuwa na njia nyepesi, nayo aliiona upesi. Anyamaze. Thériault asingewajua wale wazazi wawili kati ya watu mia nane. Juni kijana angeteuliwa, mkataba ungesainiwa, na mwaka kesho wakigundua hajarefuka wangesema maumbile hayana mwenyewe. Orville akakaa na njia hiyo kipindi kizima cha pili, akiigeuza mkononi.

Kisha akajaribu jambo jingine. Akajiambia, mtazame sasa kama mtu mfupi. Mtazame kama atakuwa hivi hivi hadi kufa. Na akamtazama kwa chuki hasa, akitafuta kasoro, maana akiipata kasoro moja ya maana atamfuta mwenyewe na kulala usingizi.

Hakuipata. Kipindi cha tatu, Tarrant wanaongoza mbili kwa moja, zimebaki dakika mbili, kisahani kikapigwa kwenye kona nyuma ya goli lao. Emmett akakifuata. Bega la kulia, bega la kushoto. Aliyekuwa akija nyuma yake ni namba ishirini na saba wa timu ngeni, dubu wa kijana, na kila mtu uwanjani alijua kitakachotokea. Kijana mwingine angekibutua kisahani popote ajiokoe. Emmett alikuwa ameshaona kwamba mwenzake upande wa pili anahitaji nukta moja tu ya kufika mahali pake. Akaingoja ile nukta. Akatoa pasi, safi, imelala juu ya barafu, na hapo hapo akapigwa mpaka ubao ukanguruma na kioo kikatikisika hadi juu walikokaa wao.

Pasi ilifika. Mwenzake akaondoka nacho, wakafunga la tatu. Emmett aliinuka, akaokota glovu yake, akarudi mahali pake bila kumtazama refa wala namba ishirini na saba. Kule chini Rhoda alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na Darlene amemkumbatia.

Orville akahisi machozi, akajisingizia baridi. Futi tano na inchi tisa, na alikuwa amejua kwamba atapigwa, na alingoja. Hilo halifundishwi. Hilo huzaliwi nalo kwa sababu mama yako ni mrefu.

"Mm," alisema Thériault, na safari hii akaongeza maneno. "Sasa mpe hizo inchi nne. Mungu wangu, mpe inchi nne, nani atampita?"

"Hatazipata," alisema Orville.

"Nini?"

"Yule mwanamke niliyekuandikia siye mama yake. Ni mwenye nyumba anakokaa. Wazazi wake ni wale wawili pale, mwenye kofia ya kijani na mwenzake. Nimewajua leo, kwenye foleni."

Thériault aliwatazama wale wawili kwa muda. Watu walikuwa wanasimama, wanavaa makoti.

"Orville. Umekaa kwenye baridi hii maisha yako yote. Umeshindwa kumwuliza mtu, wewe ni nani wake?"

"Nimeshindwa."

"Taarifa kumi."

"Kumi."

"Ungelijua hili Desemba, ungeniandikia habari zake?"

Hapa Orville angeweza kujitetea, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza.

"Nisingekuandikia," alisema. "Ningeandika kwamba ni mfupi, nikafunga daftari, nisirudi Tarrant tena. Ule urefu wa Darlene ndio ulionirudisha mara ya pili. Mara ya tatu nilirudi kwa ajili ya kijana, ila sikujua. Na ninajiuliza ni wafupi wangapi nimewafungia daftari miaka thelathini hii, ambao mama zao niliwaona vizuri na walikuwa wafupi kweli. Hilo linaniuma kuliko mkataba, Claude. Mkataba utajijua."

Thériault akafungua faili lake juu ya goti, akatoa kalamu, akaitikisa maana wino ulikuwa umeganda.

"Urefu?"

"Futi tano, inchi tisa."

"Akikomaa?"

"Futi tano, inchi tisa."

"Na haya mengine uliyoandika? Haya ya shingo, ya pasi, ya kungoja? Nikate lipi?"

"Usikate hata moja."

"Yule wa pwani ana futi sita na nne."

"Anazo," alisema Orville. "Na jambo kama lile la leo sijawahi kumwona akilifanya, na nimemwona mara saba. Niulize mimi raundi, nitakwambia ya pili. Ukitaka kunifukuza kwa hilo, nifukuze kwa hilo."

Thériault akakata mstari mmoja juu ya urefu wa zamani, akaandika mpya, akaandika namba mbili ya raundi pembeni na kuizungushia duara. Akafunga faili.

"Ya kufukuzana tutaongea Juni," alisema. "Sasa nipeleke nikawasalimie wazazi wake. Wa kweli, safari hii."

Wakashuka, Orville mbele na magoti yake yakilalamika kila ngazi. Wale watatu walikuwa bado wamesimama kando ya mlango wa vyumba vya kuvalia wakimngoja kijana wao, Darlene amebeba sufuria la perogi, vile visambusa vya viazi vya kuchemsha, lililofungwa kwa taulo. Orville alivua kofia mbele ya Rhoda, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu nje ya kanisa.

"Darlene anasema umekuja kumtazama mara nyingi," alisema Rhoda, akimwinulia uso. "Kila mtu anatuambia ni mdogo mno. Wewe umemwonaje?"

"Leo ni mara ya kumi na moja, mama," alisema Orville, "na bado sijashiba."