Kiti Kingali Moto

...halafu anacheka, mume wa dada yangu, msimamizi wa mashine, anakileta kiti kwenye meza yangu ya kupimia na kucheka, "Gonga basi, shemeji, lori linangoja," cheka tu, nakujua, nilikuona wiki ile nyuma ya mashine, unaishika koki ya maji ya kupozea huku unaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, na siku tatu baadaye kiti nilichompelekea mama kikakatika mguu, pwaa, mama chini, mkono umevunjika, tena akanipigia simu kuniomba radhi kwa kuniharibia kiti, mama jamani... kile kipande nilikitazama kwenye mwanga, kimekatika wima, hakikupinda hata kidogo, nikasema aha, maji yamebanwa, maana plastiki ikipoa polepole nyuzi zake hupata nafasi ya kujipanga safu kwa safu, fuwele zinanenepa, inakuwa ngumu ya kujidai, ukiigonga inakatika, ikipoa haraka, nyuzi nyingi zinabaki shaghalabaghala, na hiyo ndiyo inayovumilia, inapinda, inarudi... nimeyaandika yote, barua ya kumpa meneja iko mfukoni, atafukuzwa, dada atalia, na alie, "Ile koki ilikuwa inavuja, nikaifunga mpira," anasema, nani kakuuliza? mbona unajieleza? nainua nyundo, naweka kiganja juu ya kiti kisicheze, moto, kimetoka kwenye kalibu sasa hivi... lakini kile cha mama nacho nilikigonga mimi, hapa hapa, kikapinda kikarudi, kama maji yalibanwa kilinipitaje? kilikuwa moto, ndiyo, kama hiki, vyote ni moto, na kikiwa moto hata kibovu kinapinda, fuwele hazijamaliza kujipanga, zinaendelea siku nzima, siku mbili, nilifundishwa, ngoja siku mbili ndipo upime, nikafanya hivyo mwaka mzima, kisha stoo ikajaa, lori likaanza kungoja, nikaacha, hakuna aliyeniambia niache, niliacha mwenyewe, navigonga vikiwa moto, navipiga muhuri, vinakwenda kukakamaa majumbani, chini ya watu walioketi... Mungu wangu, aibu gani hii, nyundo bado iko juu, nami siwezi kuishusha, "Shemeji, unaumwa?" ananiuliza, hacheki tena, ananivutia kiti nikae.